Dhambi na Dhamana: Sheria za Tabianchi Zikitazamwa kutoka Kiuyu

Utafiti wa kitaaluma kuhusu sheria za mabadiliko ya tabianchi umezoea kuuliza ni nchi gani imetunga sheria, mwaka gani, na chombo gani kimekabidhiwa usimamizi wake. Kwa kipimo hicho Kenya, iliyotunga Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2016, na Uganda, iliyotunga yake mwaka 2021, hutajwa kuwa mfano katika Afrika Mashariki, na ni haki zitajwe, kwa sababu sheria zote mbili zimemfungulia raia mlango wa mahakama. Lakini swali lililo zito zaidi, ambalo ni la maadili na la dini kabla ya kuwa la kibunge, hubaki pembeni: madhara yakishatokea, nani anadaiwa, na kwa msingi gani?

Swali hilo lina uzito wa pekee Kiuyu, rasi ya kaskazini mashariki mwa Pemba, katika Wilaya ya Micheweni, yenye ardhi ya mawe na udongo haba, ambako riziki hutoka baharini, katika mwani na katika kilimo kinachongoja mvua. Kisiwani Pemba maji ya chumvi yameingia katika mabonde ya mpunga, na mwani, ambao Zanzibar hulimwa zaidi na wanawake, huugua na kukatika maji ya pwani yanapopata joto kupita kiasi, hasa kotonii, aina yenye bei kubwa kuliko spinosum. Mchango wa watu hawa katika gesi zinazoongeza joto la dunia ni mdogo mno. Hata hivyo maandishi mengi ya sheria na sera huwaingiza kama watu wa kufundishwa kuhimili, yaani kujirekebisha wapatane na hali mpya, wala hayawataji kama wenye haki iliyo mikononi mwa wengine.

Fiqhi, yaani elimu ya hukumu za sheria ya Kiislamu, ina hazina ambayo watafiti wa sheria za tabianchi hawajaitumia ipasavyo. Hutenganisha dhambi na dhamana: dhambi hufuata nia, bali dhamana, yaani wajibu wa kulipa kilichoharibiwa, hufuata uharibifu wenyewe, ndiyo maana aliyevunja chombo cha mwenziwe kwa bahati mbaya hana dhambi lakini hulipa. Majalla, mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmaniya uliokamilika mwaka 1876, umeweka pia kanuni kwamba dharura haibatilishi haki ya mtu mwingine: mwenye njaa ya kufa huruhusiwa kula chakula kisicho chake, kisha hudaiwa thamani yake. Kwa kanuni hiyo, hoja kwamba mataifa ya viwanda yalichoma makaa ya mawe kwa haja ya maendeleo, hata ikikubaliwa yote, huondoa lawama tu, na deni hubaki palepale.

Pingamizi lenye nguvu limo ndani ya fiqhi yenyewe na halifai kufichwa. Majalla hutofautisha atendaye kwa mkono wake, ambaye hulipa hata bila kukusudia, na msababishi, ambaye halipi ila akiwa amekusudia au, kama wafafanuzi wengi walivyoeleza, amevuka mpaka. Na mwenye kutoa moshi mbali na Pemba ni msababishi. Basi jambo hugeuka kuwa la ujuzi, kwa kuwa atendaye huku akijua madhara ndiye avukaye mpaka. Jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi lilitoa ripoti yake ya kwanza mwaka 1990, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi ukafuata mwaka 1992, hivyo aliyeendelea baada ya hapo aliendelea akijua. Moshi wa karne ya 19 unabaki katika shaka, lakini zaidi ya nusu ya hewa ukaa iliyotokana na makaa, mafuta na gesi tangu mapinduzi ya viwanda imetolewa baada ya mwaka 1990.

Uamuzi ulioupitisha Mkataba wa Paris mwaka 2015 ulitamka wazi kwamba kifungu cha hasara na uharibifu hakiwi msingi wa dhima wala fidia, na mfuko wa hasara hizo uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 huchangiwa kwa hiari. Hapo deni limegeuzwa sadaka, na katika dini hayo mawili hayakai daraja moja: deni hutolewa katika mali ya maiti kabla ya warithi kugawana, ilhali sadaka hungoja moyo wa mtoaji.

Inasikitisha kwamba dini, ilipoitwa kusaidia hifadhi ya kisiwa cha Misali, magharibi mwa Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1990, iliitwa hasa ili imfundishe mvuvi amana na kiasi. Mafunzo hayo yalikuwa ya kweli na yenye faida, ila aliyeambiwa ajizuie alikuwa ndiye mwenye nguvu ndogo kuliko wote.

Kinachobaki ni mdai. Mwezi Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba dola inayokiuka wajibu wake wa tabianchi yaweza kupaswa kulipa fidia, lakini mlango huo ni wa madola. Nchini Tanzania mazingira si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Sheria yake ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015. Lakini mambo ya nje ni ya Muungano, hivyo dai la mkulima wa mwani wa Kiuyu halina budi kubebwa na Jamhuri ya Muungano, na namna ya kulifikisha huko kutoka Micheweni ndiyo kazi ambayo watafiti wa sheria wangepaswa kuianza.