Jina Moja na Wengine Watatu



Kila mwezi wa Novemba, sisi tunaoishi huku Uingereza huwaona watu wamebandika ua jekundu kifuani kuwakumbuka waliokufa vitani. Baadhi yetu hulivaa, wengine hukataa, na kila mmoja ana sababu zake. Leo tungependa tujiulize swali moja tu: ushujaa wa vitani ni mali ya nani?

Tuchukue mfano wa Sajini Nigel Leakey. Alizaliwa Kenya mwaka 1913, akaingia jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Tarehe 19 Mei 1941 kikosi chake cha 1/6, ambacho asili yake ni Tanganyika, kilivuka Mto Billate huko Colito, Uhabeshi, kikipigana na Waitaliano. Ghafla vifaru vya adui vikawavamia, nao hawakuwa na silaha ila zile za kawaida za askari wa miguu. Leakey, aliyekuwa amemaliza makombora yake, alirukia juu ya kifaru kimoja, akafungua mfuniko, akawaua kwa bastola waliokuwamo isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha kukiendesha hadi mafichoni. Kisha akavifuata vifaru vingine kwa miguu. Alipopanda kimoja na kukifungua, alimiminiwa risasi kutoka kifaru kilichokuwa nyuma yake. Mwaka 1945, akiwa amekwisha kufa, alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza.

Hatuna la kupunguza katika sifa hiyo. Lakini tamko rasmi la nishani yake lina maneno ambayo ni rahisi kuyapita haraka. Linasema kwamba alipokwenda kuvivizia vile vifaru kwa miguu, alifuatana na sajini meja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili. Majina yao hayakutajwa. Na mwishoni, tamko hilo hilo linasema kuwa kitendo cha Leakey peke yake ndicho kilichovunja shambulio. Watu wanne waliingia chini ya risasi zile zile. Karatasi ikabakiza jina moja.

Sisi tuliosomea uhandisi tunajua kuwa daraja halibebwi na nguzo iliyobandikwa kibao cha ufunguzi. Uzito huzipitia nguzo zote. Wahenga walikwisha kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Wapo watakaojibu kuwa shujaa wa kweli hatafuti jina, na kwamba wale watatu hawakwenda pale ili waandikwe. Huenda ni kweli. Lakini tuangalie ni nani anayesema hivyo. Mara nyingi ni yule ambaye jina lake limekwisha kuandikwa. Kutotafuta jina ni fadhila ya aliyetenda. Kutomwandika ni deni la aliyeshuhudia. Tusitumie unyenyekevu wa mtu kufuta haki yake.

Wengine watauliza: vita vile vilikuwa vyetu? Bendera iliyopepea haikuwa yetu, na mfalme hakuwa wetu. Hata hivyo, mtu anayesimama mbele ya kifaru akiwa na bunduki tu hasimamii bendera peke yake. Yupo pia mwenzake aliye ubavuni. Uaminifu huo ni wao, haijalishi nani aliwatuma.

Pale Dar es Salaam ipo sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927, baada ya vita vya kwanza. Maandishi yake yanamwahidi askari kwamba, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Lakini sanamu yenyewe haina jina hata moja. Ahadi ile tuliachiwa sisi, watoto, tuitimize.

Basi tuitimize. Katika familia nyingi zetu alikuwako babu aliyekwenda Keya, akafika Uhabeshi au Bama, akarudi na koti zito na maneno machache. Wengi wao wamekwisha kutangulia, lakini shangazi na wajomba waliowasikiliza bado wapo. Tuwapigie simu, tuulize jina kamili, kikosi, mwaka, na nani alikuwa ubavuni kwake. Tuyaandike, tuwape watoto wetu waliozaliwa huku. Nishani hatuwezi kuitoa, jina tunaweza.