Hamna

Usiku ule nilikuwa Mlandizi, kwa mama mdogo, kompyuta mapajani, bando likielekea ukingoni. Nilituma ombi kwenye seva ya kampuni moja ya nje inayouza takwimu za soka: nipe mechi zote za Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania, msimu wa 2016/17. Jibu lilirudi papo hapo. Juu, namba 200, yaani ombi limepokelewa na kutimizwa. Chini yake, mabano mawili ya mraba, katikati hamna kitu.

"Wanasema ligi hiyo haikuwepo," nikamwambia mama mdogo.

"Basi Mlandizi Queens walicheza na majini."

Msimu ule ndio ulikuwa wa kwanza wa ligi hiyo, na bingwa wake alitoka hapa hapa Mlandizi, kabla ya JKT Queens, kabla ya Simba Queens. Sasa nani alidanganya?

Seva zina namba za kukiri. 401: sikujui, onyesha ufunguo wako. 404: ulichoomba sikioni. 429: umeuliza mno, subiri kwanza. Lakini 200 yenye mabano matupu inasema tu kwamba nimetafuta katika nilivyo navyo, sikupata. Hiyo ni kweli tupu. Ukimwuliza Mangi sukari akajibu "hamna", huondoki ukiamini sukari imetoweka duniani. Unavuka barabara, unauliza duka la pili.

Mimi sikuvuka. Wiki mbili kabla ya usiku ule, programu niliyoiandika mwenyewe ilikuwa imepita ligi moja baada ya nyingine, na kila ilipokuta mabano matupu iliweka sifuri. Sifuri zikawa grafu, grafu ikaingia sura ya tatu ya tasnifu, sura ikaenda kwa msimamizi. Kwa hiyo kwenye karatasi yangu kulikuwa na wasichana wa Mlandizi waliokimbia msimu mzima bila kucheza mechi hata moja. Seva haikuandika sifuri popote. Niliandika mimi, katika mstari mmoja ambao nilijivunia ufupi wake.

Ningeweza kuilaumu kampuni, na kwa kiasi nailaumu: anayeuza majibu anajua rafu lake linaishia wapi, angeweza kusema. Ila yeye alisema "sina". Aliyetafsiri "sina" kuwa "hakikuwepo" ni mtoto wa hapa hapa, aliyelala kilomita chache kutoka kwa mabingwa, na ambaye hakumwuliza hata mama yake mdogo. (Naye asingekubalika kama chanzo. Magazeti ya 2017 yangekubalika, nayo sikuyafungua.)

Nimeubadilisha ule mstari. Penye mabano matupu sasa programu huandika "haijulikani", na grafu yangu imejaa matundu. Msimamizi ameirudisha na swali moja pembeni: hakuna namna ya kuyaziba?