Mshahara wa Rubani na Amri ya Tano

Kila mwaka, tunapofika kwenye amri ya saba na ya kumi, swali lile lile hutokea: je, Mkristu anayetafuta kazi aweza kuuliza mshahara kabla ya kuikubali, au kuuliza huko ni tamaa? Safari hii swali limekuja na mfano mgeni kidogo. Mzee mmoja miongoni mwa wakatekumeni wa huku Lubunga anaye mtoto wa ndugu yake aliyesomea urubani, yaani kazi ya kuendesha ndege. Ukoo mzima ulichanga fedha za masomo hayo. Wengine waliuza mbuzi, wengine mpunga wa misimu miwili. Sasa kijana ameitwa na kampuni mbili. Ya kwanza yampa fedha nyingi, zikihesabiwa kwa kila saa anayokuwa angani. Ya pili yampa mshahara mdogo wa mwezi, na siku zake za kupumzika zimeandikwa katika mkataba. Jamaa wamegawanyika. Hawa wasema aende penye fedha nyingi apate kulipa deni. Wale wasema kazi ni kazi, mtu wa Mungu asichague. Mzee auliza: lipi katika hayo ni la kikristu?

Najua kwamba wachache kati yetu watakuwa marubani. Lakini swali hili lamhusu kila mtu anayeshika uhai wa wenzake mikononi, kwa hiyo yafaa tulijibu bila haraka.

Kwanza niwajibu wale wanaosema kuuliza ni tamaa. Nia yao ni njema, ila hawakusikiliza Maandiko mpaka mwisho. Katika kitabu cha Tobiti, yule mzee kipofu alipomtafutia mwanawe mwenzi wa safari, alitaja ujira kabla hawajaondoka: drakma moja kwa siku na matumizi ya njiani, tena nyongeza wakirudi salama. Na aliyepatana naye hakuwa mwanadamu, bali malaika Rafaeli katika sura ya kijana. Malaika hakuona haya kupatana ujira! Katika mfano wa shamba la mizabibu, vibarua wa asubuhi walipatana na mwenye shamba dinari moja, ndipo wakaingia kazini. Bwana Wetu alinena pia habari za mtu atakaye kujenga mnara, ambaye huketi kwanza akahesabu gharama. Na yeye Yakobo alimtumikia Labani mjomba wake miaka mingi, akalalamika kwamba ujira wake umebadilishwa mara kumi. Walipatana kwa mdomo tu, mtu na mjomba wake. Wenye wajomba wafanyabiashara watanielewa.

Kanisa nalo halikunyamaza. Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo wa 13 aliandika barua kubwa juu ya wafanyakazi, iitwayo Rerum Novarum. Humo alifundisha kwamba mapatano ya watu wawili hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki. Mshahara lazima umtoshe mfanyakazi mwenye kiasi apate kuishi. Na mtu akikubali masharti magumu kwa sababu njaa yamsukuma na hana njia nyingine, huyo ameshurutishwa, hata kama alitia sahihi. Sisi wa Kisangani tunayo sababu ya pekee ya kuijua barua hiyo. Padri Gabriel Grison, aliyefika Stanley Falls mwaka 1897, alikuwa wa shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu. Mwanzilishi wa shirika hilo, Padri Leo Dehon, alikuwa ametumika katika Saint-Quentin, mji wa viwanda vya nguo huko Ufaransa, akaona kwa macho yake maisha ya wafanyakazi. Na mwaka 1894 alitoa kitabu cha kuwafundisha Wakristu mambo hayo. Kwamba katika miaka ile ile watu wa nchi hii walikuwa wakishurutishwa kukusanya mpira msituni, hilo ni jambo la huzuni, wala tusilifiche tunapowasifu wamisionari.

Katekisimu nayo yahesabu kumnyima mfanyakazi mshahara wake miongoni mwa dhambi zinazolia mbinguni, mahali pamoja na uuaji. Sisi waalimu twajua maana ya mwezi unaokwisha bila mshahara: mtu huanza kuhesabu hata sabuni. Basi kijana aulize, aulize mapema na kwa heshima, na majibu yaandikwe. Mwezi wa Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, wakidai pamoja na mengine fedha za akiba yao ya uzeeni. Maelfu ya abiria walikwama, mpaka mahakama ikawaamuru marubani warudi kazini. Sitaki kuhukumu nani alikuwa na haki zaidi. Nasema tu kwamba neno la fedha lisilomalizwa mezani humwangukia mwishowe abiria, ambaye hakuwapo walipopatana.

Hadi hapa nimesema yale yanayomfaa seremala, mwalimu na mpishi. Kwa rubani kuna jambo zaidi, nalo ndilo litakalomjibu mzee wetu.

Kazi ya rubani ni nini? Mtu husema: kurusha ndege. Ni kweli, lakini kabla ya kuirusha yampasa kujua uzito wa mizigo na watu, wingi wa mafuta, hali ya mawingu huko aendako, na kusoma daftari ambamo ubovu wa ndege huandikwa. Kisha aamue. Shirika la mataifa la usafiri wa anga, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, limeweka kanuni kwamba rubani mkuu ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ndege yake. Tajiri aweza kukasirika, mkubwa wa serikali aweza kuchelewa mkutano, lakini rubani akisema hatuondoki, hawaondoki. Abiria hawawezi kukagua injini. Wamelipa tiketi, wameketi, wamefunga mikanda, na uhai wao wautegemea uhuru wa mtu mmoja wa kusema hapana.

Tazameni mtoni kwetu. Mtu avushaye watu kwa mtumbwi wa mota kutoka Lubunga hadi ng'ambo ya mjini, ikiwa mwenye mtumbwi amemwambia alete kiasi fulani cha fedha jioni au asirudi kesho, atafanya nini wingu jeusi likitanda? Aona mtumbwi umejaa, aona maji yafika karibu na ukingo, na bado mama mmoja mwenye gunia la makaa yupo ufukoni anaita. Si lazima mtu huyo awe mwovu. Labda ni baba mwema mwenye watoto sita. Lakini namna anavyolipwa imekwisha kumwamulia.

Ndivyo ilivyo angani. Alipwaye kwa saa za angani, akikataa kuondoka kwa sababu ya dhoruba, hupoteza ujira wa siku ile, akiugua, hupoteza, akichoka, hupoteza. Kila sababu njema ya kukaa chini yamgharimu yeye peke yake. Katika Ulaya na Marekani sheria humkataza rubani kupita saa 100 angani katika siku 28, kwa kuwa wenye hekima wametambua kwamba mtu mwenye kuhitaji fedha hawezi kuachiwa apime uchovu wake mwenyewe.

Wala msidhani kwamba fedha kidogo ndizo salama. Mwaka 2009 ndege moja ilianguka karibu na mji wa Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Wachunguzi waliona kwamba chanzo ni jinsi rubani mkuu alivyokosea kuishika ndege ilipopungukiwa mwendo. Lakini katika uchunguzi ilijulikana pia kwamba rubani msaidizi alikuwa akipata takriban dola 16,000 tu kwa mwaka, akiishi kwa wazazi wake upande wa pili wa nchi, na kwamba usiku wa kuamkia siku ile alisafiri kwenda kazini bila kulala kitandani. Mwaka uliofuata Marekani ilitunga sheria mpya juu ya mapumziko na mafunzo ya marubani.

Na ya tatu ndiyo inayonitisha kuliko zote. Tarehe 28 Novemba 2016 ndege ya kampuni ya LaMia, iliyowachukua wachezaji wa mpira wa Chapecoense wa Brazil, iliishiwa mafuta ilipokaribia mji wa Medellín, nchini Kolombia. Wakafa watu 71, wakapona 6. Rubani mkuu alikuwa mmoja wa wenye kampuni. Kutua njiani kuongeza mafuta kungaligharimu fedha na muda, na gharama hiyo ingekuwa yake. Mfanyabiashara na mwenye neno la mwisho walikuwa mtu mmoja, basi hakuwapo mtu wa kumwambia hapana.

Nasi tusizungumze kana kwamba hayo ni ya mbali. Mwaka 2006, Umoja wa Ulaya ulipotoa kwa mara ya kwanza orodha ya kampuni za ndege zilizokatazwa kuingia anga lake, karibu kampuni zote za Kongo zilikuwa humo. Tarehe 8 Julai 2011 ndege ya Hewa Bora ilianguka ilipokuwa ikitua katika hali mbaya ya hewa hapo Bangoka, kiwanja chetu wenyewe, wakafa watu zaidi ya 70. Sina ruhusa ya kusema marubani wake walisukumwa na nini. Nawaombea marehemu, na ninyi fanyeni vivyo.

Sasa turudi kwa ndugu wasemao kwamba mtu wa Mungu asichague kazi. Katika neno lao mna ukweli mmoja. Mshahara ni mali ya kijana, naye aweza kuusamehe. Wako marubani wa shirika la Mission Aviation Fellowship, ndugu zetu Waprotestanti, ambao huendesha ndege ndogo hata katika nchi yetu, wakitegemezwa na michango ya waamini wa makwao. Hawakufuata utajiri, na sadaka yao ni njema. Mtu aweza kumtolea Mungu kilicho chake.

Lakini usingizi wa rubani si mali yake peke yake. Ni mali pia ya mama aliyeketi kiti cha nyuma na mtoto kifuani. Kadhalika matairi, mafuta, na siku ya fundi ya kukagua injini. Kijana akikubali kunyimwa hayo, hakutoa sadaka. Amewatoa wengine sadaka bila kuwauliza. Hapo tumetoka katika amri ya saba tumeingia katika ya tano. Kwa sababu hiyo asipime kazi kwa fedha peke yake, wala asione fahari kudharau fedha. Aulize kama mshahara ule utamtosha kupanga chumba na kulala katika mji atakakowekwa, pasipo kutafuta kazi ya pili usiku. Aulize kama hulipwa kila mwezi au hulipwa tajiri anapopenda. Aulize ni nani anayetengeneza ndege. Zaidi ya yote awatafute marubani walioiacha kampuni ile, awaulize kwa faragha: siku mliyokataa kuondoka, mlifanywa nini? (Wengine wataniuliza habari za Misa ya Jumapili. Kazi inayowahudumia watu kwa lazima Kanisa huiruhusu. Apatane tu apate nafasi ya kusali.)

Kwa maneno ya mzee, kampuni ya pili yaonekana kuwa bora, ikiwa mshahara wake ni mdogo tu wala si wa njaa. Ikiwa ni wa njaa, akatae zote mbili, angoje. Najua mtakalosema: akikataa, mwingine ataichukua kazi ile, na ndege mbovu itaruka vilevile. Labda itaruka. Lakini mwenye kujibu hivyo angeweza kuhalalisha kila dhambi ya dunia, maana hakuna dhambi isiyo na mtu wa kuitenda. Kijana hataulizwa na Mungu habari za mwenzake.

Limebaki deni, na hapa nasema na ukoo. Mkimwambia alilipe lote mwaka huu, ninyi wenyewe mtakuwa mmeketi karibu naye mbele ya ndege, mkimsukuma mkono. Mbuzi na mpunga vilikuwa vyenu, na haki yenu siikani. Basi kaeni, lihesabuni deni, ligaweni katika miaka mitano au sita. Kisha mwandikieni kwamba siku atakapofukuzwa kwa kukataa kuondoka na ndege mbovu, mlango u wazi nyumbani, kuna chakula, na hakuna atakayemdai chochote mpaka apate kazi nyingine.