"Sikuona" Si "Hakuna"

Je, ni haki mtu kukikana kitu kwa kuwa jicho lake halikukiona?

Mwaka 1995 darubini ya Hubble ilipiga picha ya nguzo za gesi na vumbi katika wingu liitwalo Tai, zinamozaliwa nyota, ambalo nuru yake hutufikia baada ya miaka 6,500 hivi. Nguzo zile zilionekana nzito kama ukuta. Mwaka 2022 darubini ya James Webb ilizitazama kwa nuru ya infraredi, ambayo mawimbi yake ni marefu na hupenya vumbi. Ndani yake zikadhihirika nyota changa, nyingine zingali zikijiunda. Hazikuanza kuwako siku ile; zilikuwamo, ila jicho halikuwa na njia ya kuzifikia.

Nuru hiyo yenyewe iligunduliwa mwaka 1800. William Herschel aliipasua nuru ya jua kwa kioo cha pembe tatu, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana kitu, nacho kikapanda.

Basi asemaye "sikuona" amesema kweli; asemaye "hakuna" amejidai elimu asiyo nayo. Lakini isiwe ruhusa ya kudai lolote kwa kuwa halionekani: Herschel hakudai tu, alipima. Ukweli unatudai mambo mawili: tusiukane upesi, wala tusiuzue.

Na jirani yako je, ambaye umeona ukuta wake wa nje tu? Kabla hujasema hana wema, jiulize umemtazama kwa nuru gani.