Kiingereza na Urafiki wa Mataifa

Wako watu wasadikio ya kuwa mataifa hugombana kwa sababu hayaelewani, na hayaelewani kwa sababu hayana lugha moja. Mwaka 1918, dunia ilipokuwa imechoka kwa vita, Evelyn Wrench aliasisi nchini Uingereza umoja wa wasemao Kiingereza, kwa matumaini ya kuwa lugha hiyo itakuwa kamba ya urafiki baina ya watu wa nchi mbalimbali. Nia hiyo ilikuwa njema. Lakini je, lugha moja yatosha kuwafanya watu marafiki?

Tarihi hujibu kwa tahadhari. Wamarekani na Waingereza walikuwa na lugha moja, wakapigana tangu mwaka 1775 hata 1783. Wamarekani wenyewe walipigana tangu 1861 hata 1865, na utumwa ulikuwa shina la vita hiyo. Kila upande ulisikia maneno ya mwenzake bila mkalimani. Kilichokosekana hakikuwa lugha, kilikuwa haki. Kusikia neno ni kazi ya sikio, lakini kumwelewa msemaji ni kazi ya moyo.

Hata hivyo si insafu kuidharau faida ya Kiingereza. Tarehe 18 Aprili 1955, mjini Bandung, wajumbe wa nchi 29 za Asia na Afrika walikutana. Rais Sukarno wa Indonesia, nchi iliyotawaliwa na Waholanzi kwa miaka mingi, aliwahutubia kwa Kiingereza. Akawakumbusha ya kuwa siku kama ile, mwaka 1775, Paul Revere alipanda farasi usiku kuwaonya Wamarekani kwamba askari wa Uingereza walikuwa wakija. Basi lugha ya Waingereza ikasimulia habari za watu waliokataa kutawaliwa na Waingereza. Lugha humtumikia aishikaye, wala haimwulizi kabila lake.

Lakini daraja lisilovukwa ila kutoka upande mmoja lina hatari yake. Tarehe 6 Februari 1840, huko Waitangi, Nyuzilandi, wakuu wa Wamaori na wajumbe wa Malkia wa Uingereza walitia sahihi mkataba ulioandikwa kwa lugha mbili. Maandiko ya Kiingereza yalisema ya kuwa wakuu wale wametoa enzi yao yote. Maandiko ya Kimaori yalitumia neno lililotoholewa katika jina la gavana, lenye maana ya utawala tu, tena yakaahidi ya kuwa ukuu wao juu ya nchi yao utadumu. Wakuu walio wengi walitia sahihi maandiko ya lugha yao. Palifanywa mkataba mmoja, pakazaliwa ahadi mbili, na ugomvi wake umeingia katika karne nyingine. Mwaka 1975 iliundwa baraza ya kusikiliza malalamiko ya Wamaori, na mwaka 1987 Kimaori kikafanywa lugha rasmi ya nchi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ajifunzaye lugha ya mwingine hukubali kuwa mtoto kwa muda: hukosea, huchekwa, na mithali zake tamu huziacha mlangoni. Mzaliwa wa Kiingereza aketiye kwake akingoja kuzungumzwa naye halipi chochote katika gharama hiyo, na mara nyingi hudhani ya kuwa asiyesema vizuri hafikiri vizuri. Dhana hiyo ni adui wa urafiki kuliko ububu.

Urafiki ni kutembeleana. Mtu atembelewaye kila siku, naye hajapata hata mara moja kuvuka kizingiti cha mwenzake, ana wageni wengi, lakini hana rafiki. Kiingereza kimewafikisha wageni wengi mlangoni pa wenyewe. Deni la wenyewe ni kurudisha ziara: kujifunza walau lugha moja ya wale waliojifunza ya kwao, na kuonja, kwa ulimi wao wenyewe, uzito wa safari hiyo.