HAKI YA UJIRA NA MPAKA WAKE

Tumeulizwa katika darsa: je, mwenye kudai ujira aweza kumzuia mdaiwa mpaka alipe? Suala hili halikutoka mbali. Katika mitaa yetu hii ya mashariki ya Nairobi, wanawake wawili walizuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani baada ya kujifungua, kwa kuwa hawakuwa na fedha. Kesi yao ilifika Mahakama Kuu, na mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi alihukumu kwamba kuwazuia kulikuwa kinyume cha sheria, akaamuru walipwe fidia.

Twasema, na kwa Mwenyezi Mungu twataka msaada: ujira ni haki. Daktari, wakili na fundi hula kwa jasho lao, na Mtume wetu (s.a.w.) amehimiza mfanya kazi alipwe upesi. Tena ameita dhuluma kule kuchelewesha deni kwa mwenye nacho. Tajiri akikaidi, kadhi aweza kumlazimisha, hata kwa kifungo. Ama aliyethibitika kuwa hana, Kurani katika Sura ya Al-Baqara, aya 280, yaamrisha apewe muhula mpaka apate wasaa, na wanazuoni wetu wa Kishafii wamesema hafungwi. Deni limo katika dhima yake. Mwili wake si rahani.

Ugomvi mwingi huanza pale bei isipotajwa mapema. Fundi huambiwa, "Fanya tu, tutaelewana," na kazi ikimalizika maelewano hayapo. Nasi tumefunzwa kwamba ujira ujulikane kabla ya kazi, na deni la muda liandikwe.

Wala tusiwalaumu wenye hospitali peke yao. Mwalimu wa chuo amrudishapo mtoto nyumbani kwa kuwa ada haijaletwa, mdaiwa ni baba, na mwenye kuadhibiwa ni mtoto. Sisi wenyewe tumewahi kulitenda hilo, na twamuomba Mola msamaha.

Mtauliza: mwalimu naye atakula nini? Ni swali la haki. Mwenyezi Mungu ameweka fungu la wadaiwa katika zaka, ili mzigo wa maskini usimwelemee mwenye kumhudumia peke yake. Basi enyi wenye maduka na majumba, kabla ya kumwambia daktari asamehe, jiulizeni: fungu hilo mwaka huu mmempa nani?

Wallahu aalam.