Mas'ala ya Kuhama kwa Amri Kabla ya Tufani

Nimeulizwa mas'ala na ndugu yangu mmoja wa Mikindani, nami niko mbali naye, hapa Buhongwa katika Mwanza, ambapo tufani ya bahari haifiki. Tufani hizo hupata mzunguko wake kwa kuzunguka kwa ardhi, na karibu na mstari wa Ikweta nguvu hiyo ni dhaifu mno. Ndiyo sababu sisi wa Ziwa twasalimika nazo, na watu wa Mtwara wako ukingoni mwa njia yake.

Asema ndugu huyu: Mwezi wa Aprili 2019 wakubwa wa mkoa walituamrisha tulio pwani na mabondeni tuhame, kwani kimbunga kilichoitwa Kenneth chaja. Mama yangu alikataa kuondoka, nami nikakaa naye. Kimbunga hakikuja. Jee, niliasi, au nilipata sawa kwa kumtegemea Mwenyezi Mungu? Na kikija kingine nifanye nini?

Kwanza sikubali neno lake kwamba kimbunga hakikuja. Kilikuja. Kilipita kaskazini ya Ngazija tarehe 24 Aprili, na siku ya pili yake kikaingia nchi kavu katika Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na katika Msumbiji wakafa watu zaidi ya 40. Wakati watu wa Mtwara walipokuwa wakirejea majumbani mwao na kumcheka aliyewahimiza, Waislamu wenziwao wasemao Kimwani walikuwa wakizika maiti zao. Aliyesema kwamba tufani yaja hakusema uwongo. Kilichokosewa ni mlango itakaopigia hodi.

Na hapa watu wengi huteleza. Hudhani kwamba mtu hapaswi kutenda illa kwa yakini, na maadamu mtabiri wa hewa hana yakini, basi neno lake si kitu. Lakini sharia yetu haikujengwa hivyo. Msafiri aliye gizani hujitahidi kutafuta kibla, akasali kwa dhana yake iliyo kubwa. Mgonjwa hufungua saumu kwa neno la tabibu mwaminifu, na tabibu naye hajui ghaibu. Hatuwaambii hawa kwamba wameingilia kazi ya Mungu. Basi kwa nini tumwambie hivyo anayetazama mawingu kwa vyombo vilivyo juu ya mbingu, akaona tufani siku tatu kabla haijafika?

Wazee wetu hawakuipata neema hiyo. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikazamisha merikebu za Sayyid Barghash bandarini, ikang'oa mikarafuu na minazi ya kisiwa kizima, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Hakuna aliyewaonya. Naamini lau mtu angaliwaambia siku moja mbele, wasingalimwuliza kama ana yakini.

Ama kutawakali, khabari yake yajulikana, walakini yataka kukumbushwa, kwa sababu hutajwa sana na kufahamiwa kidogo. Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh, akaambiwa kwamba tauni imeingia huko. Akawashauri Muhajirina wakakhitilafiana, na Ansari wakakhitilafiana, kisha wazee wa Kikureshi wakamwelekeza kwa kauli moja arejee na watu. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamfahamisha kwamba ndivyo, lakini aiendeayo nayo ni kadari ya Mungu vile vile; akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka bonde lenye pande mbili, moja ya majani na moja kavu: popote atakapochunga, huchunga kwa kadari.

Wengi huikomesha khabari hapo. Lakini Abu Ubaida mwenyewe alikuwa na jeshi katika Sham. Umar alimwita Madina apate kuokoka, akataka udhuru asiwaache watu wake, akafa kwa tauni hiyo ya Amwas. Na baada yake akafa Muadh bin Jabal. Kisha uamiri ukamfikia Amr bin al-As, naye akawaamrisha watu watawanyike wapande milimani. Sahaba mmoja akamkemea mbele ya watu. Amr hakurudi nyuma. Watu wakapanda, tauni ikaondoka, na khabari ilipomfikia Umar hakuichukia. Angalia basi: Abu Ubaida hakukaa kwa ajili ya nyumba wala mbuzi. Alikaa kwa ajili ya watu aliokuwa mchunga wao. Mtu asijifunike joho lake naye akiba yake ni magodoro mawili na cherehani.

Nimesikia pia mtu akisema kwamba afaye kwa kugharikika ni shahidi, basi kuna khasara gani? Neno la ushahidi ni kweli, na hoja yake ni batili. Daraja hiyo ni rehema kwa aliyekutwa na maji, haikuwa mwaliko wa kuyangojea kitandani. Tena anayekaa hafi peke yake: atakuja kijana wa watu na ngalawa kumtafuta, na damu ya kijana huyo ataijibu nani?

Kwa hiyo twasema kumtii aliyeamrisha katika jambo hili ni wajibu, maana ni jambo la wema na maslahi. Lakini mamlaka ya mkubwa juu ya raia yamefungwa na maslahi hayo hayo, na watu hawaogopi bure. Mafuriko ya Rufiji ya 1968 yalipokwisha, Serikali iliwahamisha watu wa bondeni ikawapandisha juu. Wakaepukana na maji, wakawa mbali na mashamba yao yaliyokuwa yakirutubishwa na maji hayo. Baba akiwa amehamishwa akapoteza shamba, mwana husikia neno “hameni” kwa sikio jingine. Basi aamrishaye kuhama yampasa atoe gari kwa asiyeweza kwenda, mahali pa stara kwa wanawake, walinzi wa nyumba zilizoachwa, na ruhusa ya kurejea upepo ukitulia. Amri isiyo na gari kwa kiwete ni nusu ya amri.

Mimi mwenyewe, katika mvua za mwisho wa 2023, niliambiwa nitoke katika nyumba yangu iliyo kando ya korongo, chini ya majabali haya ya Buhongwa. Nilikawia usiku mmoja kwa ajili ya mabati mapya. Maji yalifika kizingitini yakarejea. Sikupatwa na kitu, na hata leo sijisifu kwalo, kwani watoto walikuwa ndani.

Imebaki khabari ya mama. Kukaa na mama asiyeweza kubebwa, na hapana wa kusaidia, hakuna dhambi. Lakini huyu alikuwa aweza kubebwa. Alikataa tu, na mwanawe akaona haya kumbishia. Kumtii mzazi katika kumwangamiza si kumtii. Nimemwandikia atafute kitanda cha kamba na vijana wanne tangu sasa, katika kiangazi, asingoje siku ya upepo. Tena amwulize mama kwa upole, angependa kulala nyumba ya nani. Amenijibu kwamba mama amekubali kwenda kwa dada yake, Naliendele, kwa sharti kuku wake waende pamoja naye.